Nilivyokwenda Italia kwa Ajili ya Ukuta wa Maposeni

Mlioniuliza pale kwenye kibanda chetu cha mabango, Bombambili, Ulaya kukoje, niliwajibu "kuzuri" tu, mkacheka na kuendelea kupaka bango. Sikuwa nawanyima. Mdomo wangu ni mzito, na mkiwa wengi unazidi kuwa mzito. Kuandika nako naandika polepole, maana shule yangu iliishia darasa la saba, lakini karatasi haimcheki mtu kabla hajamaliza sentensi. Habari za pasi na viza naziruka. Mlizisikia mpaka mkazichoka.

Ila lazima nianze na ukuta, maana bila ukuta hakuna safari. Kigangoni kwetu Maposeni, nyuma ya altare, kuna ukuta mpana uliopigwa lipu ukabaki mtupu. Mwenyekiti wa kigango, Mzee Ngonyani, ambaye ni baba yangu mkubwa, alitaka achorwe Mama Maria. Katekista Mapunda alitaka marumaru. Alikuwa ameshaziona dukani mjini, nyeupe zenye maua ya buluu, na alizisifu kwamba zinafutika kwa kitambaa. Mimi nikaambiwa nijaribu kwanza kwenye ubao. Mnajua kazi zangu: vichwa vya saluni, ng'ombe wa bucha. Maria wangu alipokamilika, waumini walimtazama kwa heshima, mpaka Katekista Mapunda aliposema, "Huyu mama ana jino linamuuma." Kuanzia hapo hakuna aliyeweza kumwona vingine. Hata mimi.

Habari zikamfikia Sista Pia, mtawa Mwitaliano aliyezeekea Ruvuma kabla ya kurudishwa kwao kupumzika. Huko kwao Florensi mpwa wake anaendesha kozi fupi ya historia ya sanaa ya Ulaya, kuanzia enzi wanazoziita Renesansi hadi leo. Sista akaniombea nafasi. Kamati ya kigango ikakaa, ikaamua: nikirudi nikachora Maria asiyeumwa, ukuta ni wangu. Nikishindwa, marumaru.

"Na akishindwa," akaongeza Katekista, "arudi kwa ng'ombe wake wa bucha. Kanisani asiguse tena brashi."

Lizaboni hadi Makambako

Tuliondoka na basi Lizaboni, Songea, asubuhi na mapema, dereva akiwa na haraka kama aliyeacha maziwa jikoni. Haraka ile iliishia kwenye milima ya Lukumburu. Lori la mbao lilikuwa limelala katikati ya barabara, na magari yalikuwa yamepangana nyuma yake. Tukashuka. Watu wakatandika khanga kwenye majani, wakaanza kumenya mayai.

Jirani yangu wa kiti alikuwa mama mfanyabiashara wa dagaa wa Nyasa. Nilimwamkia, akanipa yai, kisha akaanza kunihoji kama polisi.

"Unaenda wapi, mwanangu?"

"Italia, mama."

"Kufanya nini?"

"Kusoma mambo ya picha. Picha za zamani, zilizochorwa na Wazungu."

Aliacha kumenya yai. "Kwani huku picha hazipo? Kalenda ya parokia ina picha kila mwezi. Tena na tarehe unaijua."

Abiria walicheka. Utingo akasema huenda kule wanatoa picha zenye maelezo zaidi. Mzee mmoja aliyevaa koti la mvua akasema yeye ana picha ya Papa, aliinunua Peramiho, na kama ningesema mapema angeniazima nisihangaike. Nikawa nacheka nao huku nimeinamia yai langu. Lori lilipoinuliwa, yule mama alinifungia dagaa kwenye mfuko, akaniambia, "Wapelekee hao wachora picha. Mtu haendi ugenini mikono mitupu."

Makambako tulifika tumechoka. Dar es Salaam siiandiki. Niliipita nikiwa nimeshika mfuko wa dagaa kwa mikono miwili, nikiogopa kila mtu.

Angani

Mnanijua, aibu yangu ni ya kuzungumza. Salamu ni jambo lingine. Salamu ni lazima. Kwa hiyo nilipoingia ndani ya ndege nilianza kusalimia, kama mtu anavyoingia kwenye basi la kwetu. Kumbe siti yangu ilikuwa ya nyuma kabisa. Nilisalimia kulia, nikasalimia kushoto, foleni ikasimama nyuma yangu. Mzee mmoja Mzungu mwenye mvi nyingi nilimpa shikamoo kabisa, nimeinama kidogo. Akatikisa kichwa na kupunga mkono taratibu, kama anayekataa kununua karanga.

Nikahisi labda hakusikia. Nikarudia. Akafungua mkoba akanionyesha kwamba tayari ana chakula chake.

Nilipofika kwenye siti nilikuwa nimechoka kuliko nilivyochoka Lukumburu.

Florensi: ugali wa njaa

Sista Pia alikuja kunipokea akiwa na fimbo. Amekuwa mdogo, mgongo umepinda, lakini sauti ni ile ile ya kufukuza mbuzi bustanini. "Kastori! Umekonda! Hao Wangoni hawakulishi?" Watu wote wa kituoni waligeuka. Nilitamani kuingia kwenye begi.

Nilifikia nyumbani kwa mpwa wake, Mwalimu Lorenzo, mtu mrefu mwenye ndevu, na mkewe, niliyemwita Mama Lorenzo. Niliwakabidhi dagaa. Mama Lorenzo alifungua mfuko, akanusa, akaufunga tena kwa heshima kubwa na kuutoa nje barazani, na huko ndiko ulikokaa mpaka naondoka.

Halafu chakula kikaletwa mezani. Ugali. Nilifurahi kidogo, kisha nikauona vizuri: ulikuwa wa njano.

Bibi yangu alinisimulia miaka ya njaa, ulipoletwa unga wa njano wa msaada, watu wakauita yanga. Alisema ukiona nyumba inapika yanga, usikae kula. Salimia, sema umeshiba, uondoke, usiwapunguzie watoto. Basi niliwatazama watu wale wema, wamevaa vizuri, wana vitabu hadi dari, kumbe wamefikwa na njaa na bado wamepokea mgeni. Nikachukua kipande kidogo kama cha kumwonjesha mtoto, nikasema nimeshiba.

Mama Lorenzo akanisukumia sahani. Nikairudisha. Akaisukuma tena. Nikairudisha tena, nikishika tumbo kumwonyesha limejaa. Akaona nimeshika tumbo, akaenda kuniletea dawa ya kuharisha.

Siku iliyofuata vilevile. Usoni nilikuwa nimeanza kufanana na yule Maria wangu wa ubaoni. Sista Pia ndiye aliyenibana jikoni.

"Kwa nini huli?"

"Sista, nawaonea huruma. Hali yao nimeiona."

"Hali gani?"

"Yanga."

Sista alikaa kwenye kiti akacheka mpaka fimbo ikamwanguka. Akanieleza kwamba kule ugali wa njano ni chakula cha kawaida, na mkewe Lorenzo alizunguka maduka kuutafuta ili mgeni wa Ruvuma ajisikie nyumbani. Jioni hiyo nilikula mpaka Mama Lorenzo akaanza kuogopa kwamba nitapasuka.

Darasani

Darasa lilikuwa chumba chenye giza, na picha zilimulikwa ukutani. Mwalimu Lorenzo alifundisha kwa lugha yao, na Sista Pia alikaa kando yangu akinitafsiria kwa kunong'ona. Naandika nilivyoelewa mimi. Msije mkampelekea mwenye digrii anikosoe.

Zamani, watakatifu walichorwa wakiwa wamebandikwa kwenye dhahabu, hawana nyuma wala mbele. Kisha katika Renesansi wachoraji wakagundua namna ya kuvuta mistari yote ikutane mahali pamoja kwa mbali, na ukuta ukafunguka kama dirisha. Hapo niliruka kitini. Mnakumbuka bango letu la gereji, lile gari lililoonekana limepandwa na tairi? Kosa ni mistari. Baadaye wakaja wachoraji wa giza: wanazima kila kitu kisha wanawasha mshumaa mmoja usoni mwa mtu. Halafu zikaja karne ambazo Sista Pia alilala. Mwanga ulikuwa hafifu na kiti kilikuwa laini, nami ningewezaje kumwamsha mtawa mzee? Mpaka leo karne ya kumi na nane siijui kabisa. Sista alipozinduka, wachoraji walikuwa wamehama ndani ya nyumba, wako mashambani na rangi zao, wanachora jua juu ya maji. Muda mfupi baadaye wanavunja uso wa mtu vipande vipande kama chungu, na watu wanalipa kuuona.

"Kwa nini wameuvunja?" nilimnong'oneza.

"Kulikuwa na vita," akasema Sista. "Na walikuwa wamechoka kuchora vizuri."

Kila siku, nikiangalia picha, niliuona ukuta wa Maposeni. Niliangalia kila Maria aliyepita pale nikitafuta kitu kimoja tu: wamefanyaje hao wakapata uso usioumwa? Mikono niliielewa. Nguo nilizielewa. Uso haukunijia. Nilianza kuzisikia boksi za marumaru zikishushwa.

Jumba la picha

Siku ya kwenda kwenye jumba lenyewe, miguu ya Sista ilivimba, akaketi kwenye benchi karibu na mlango wa kuingilia. Darasa likatangulia na Mwalimu, mimi nikabaki nyuma, kama kawaida yangu.

Katika chumba cha pembeni nikamkuta Mama Maria, mkubwa, ametundikwa peke yake. Nilisimama mbele yake. Nawaambia ukweli, hakunifurahisha. Kichwa kilikuwa kikubwa, shingo imeinama sana, na macho yalitazama chini, kama anayeangalia vifungo vya shati langu. Nikawaza, hata huyu kumbe jino linamuuma. Kama mabingwa wameshindwa, mimi nitapona?

Hapo moyo ulinilemea. Na mtu wa Maposeni, akiwa na mzigo moyoni na Mama Maria yuko mbele yake, anafanya nini? Nilipiga magoti. Nikaingiza mkono mfukoni kutoa rozari.

Sijawahi kuona watu wakikimbia vile ndani ya nyumba. Mlinzi alipiga kelele, mwingine akanidaka mkono ukiwa bado mfukoni, mama mmoja mtalii akajibanza ukutani. Kumbe siku hizi kule kuna vijana wanaopigania mambo ya hali ya hewa. Huingia, huketi mbele ya picha, hutoa gundi mfukoni na kujigandisha hapo. Walinzi walikuwa wameniona kijana, nimeshuka chini, natafuta kitu mfukoni.

Sista Pia aliwasili bila viatu, fimbo juu. Maneno haya alinitafsiria baadaye, lakini hata wakati ule niliyaelewa.

"Amefanya nini?"

"Amepiga magoti mbele ya picha."

"Picha ya nani?"

"Ya Bikira Maria, Sista."

"Sasa ulitaka apige magoti mbele ya mtungi wa kuzimia moto?"

Mlinzi aliulegeza mkono wangu. Rozari ikatoka, ile ya mbegu kutoka Peramiho. Akaiangalia, akaiangalia picha, akavua kofia.

Mwalimu Lorenzo alifika akihema. Nilitaka kuinuka, akaniwekea mkono begani nisiinuke, naye akapiga magoti kando yangu. Akaniashiria nitazame juu.

Nikatazama. Jamani. Kichwa hakikuwa kikubwa tena. Shingo ilikuwa imeinama kwa sababu alikuwa ananiinamia mimi. Macho yale yaliyokuwa kwenye vifungo sasa yalikuwa machoni pangu, na hayakuwa na haraka. Hakuwa akiumwa na kitu. Alikuwa anasikiliza.

Mwalimu akasema, Sista akatafsiri: picha ile ilikaa juu ya altare, na mchoraji aliichora kwa ajili ya watu waliopiga magoti. Jumba liliishusha ikae sawa na macho ya watu wanaotembea. "Anasema alilifundisha hilo juzi," akamalizia Sista, na uso wake ukawa mwekundu kidogo. "Juzi mimi nilikuwa nimelala."

Darasa zima likapiga magoti. Walinzi walitusimamia kama mashemasi.

Jumba la siku hizi

Siku ya mwisho tulipelekwa kwenye sanaa ya watu walio hai. Niliona turubai nyeupe tupu na nikasubiri kwa adabu, nikidhani rangi ya kwanza inakauka. Kisha tukaingia kwenye ukumbi mkubwa, na katikati ya sakafu, kilima cha mahindi.

Nilifurahi kama niliyekutana na ndugu. Nikasogea, nikachuchumaa. Furaha ikaisha. Mahindi yalikuwa yamejaa vumbi, na ndani ya vumbi walitembea dumuzi, wale wadudu wanaosaga gunia zima kabla hujafika mashineni. Mtu wa kwetu haoni dumuzi akanyamaza. Aibu ilinitoka. Nikamshika Sista mkono.

"Sista, waambie waanike leo hii. Wapepete, waweke dawa. Wakichelewa wiki watakuta unga."

Sista akamwambia Mwalimu, Mwalimu akamwita msimamizi wa ukumbi, msimamizi akasikiliza kwa makini sana, kisha akajibu kwa upole.

"Anasema asante," Sista akanitafsiria. "Lakini wadudu ndio sanaa. Mahindi ni chakula chao tu. Msanii aliwaleta makusudi, na kila Jumatatu wanahesabiwa wasipungue."

Hili msimwambie baba mkubwa. Hatanituma tena popote.

Kurudi Maposeni

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, ila kwenye ndege niliwasalimia wa mstari wangu tu. Nilishuka Songea, nikachukua bodaboda moja kwa moja hadi kigangoni. Mlangoni nilikuta boksi za marumaru zimepangwa hadi usawa wa kifua.

"Shikamoo, Katekista."

"Marahaba. Nimezileta zisije zikapanda bei," alisema Katekista Mapunda. "Usijali. Chora."

Nilichora. Nilipanda jukwaa la miti, nikamweka Maria juu, na nikamchora kwa ajili ya watu walio chini kwenye mikeka. Kichwa nilikiongeza, shingo nikaiinamisha, macho nikayashusha. Nilimfunga kitenge, nikampa mikono ya mtu aliyewahi kushika jembe. Kila baada ya muda nilishuka, nikapiga magoti, nikatazama, nikapanda tena.

Ijumaa kamati ikaja kukagua. Walisimama mbele, mikono nyuma.

"Kichwa kikubwa," alisema mmoja.

"Mbona anatazama tumbo langu?" aliuliza mwingine.

Katekista Mapunda alisogea, akasogea tena, akaegemea fimbo. "Haki ya Mungu, kijana ameendelea," akasema. "Jino limepona. Sasa ana matubwitubwi."

Walicheka mpaka machozi. Baba mkubwa hakucheka, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Mimi nilisimama na brashi mkononi. Jibu nilikuwa nalo, lilikuwa la maneno mawili: pigeni magoti. Lakini niambieni nyie, kijana kama mimi anawaambiaje wazee wa kamati wapige magoti mbele ya kazi ya mikono yake? Neno lilifika kwenye meno likarudi. Wakaamua fundi wa marumaru aanze Jumatatu.

Jumapili Padre alikuja kwa misa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, tayari kutoroka. Ilipofika wakati wa mageuzo, kengele ikalia, kanisa zima likashuka kwenye magoti. Watu waliinua nyuso.

Kisha, kutoka upande wa akina mama, mnong'ono. "Ananitazama."

"Wewe? Ananitazama mimi."

"Mama Ngonyani, hebu sogea, unanikinga."

Padre alikohoa. Baba mkubwa alikuwa amefungua mdomo kama mtoto. Wakati wa kusimama ulipofika, nusu ya kanisa ilibaki chini, na Padre akaimba mstari wake peke yake, akageuka kutazama kuna nini nyuma yake ukutani, akaona kichwa kikubwa tu, akaendelea.

Mmoja tu ndiye hakuona. Katekista Mapunda ana goti bovu. Siku zote husimama pembeni na fimbo yake watu wengine wakishuka. Baada ya misa wanakamati walimzunguka, kila mmoja akimsimulia. Yeye akawa anajibu, "Mimi naona matubwitubwi." Baba mkubwa akasema aliyeleta marumaru ni Katekista, basi aamue yeye. Watu wakatoka, wakangoja nje chini ya jua.

Nilikuwa nakunja mikeka niliposikia jina langu.

"Kastori. Wameondoka wote?"

"Wako nje, Katekista."

"Funga mlango. Halafu njoo unishike mkono."

Nilimshusha polepole. Goti lake lilitoa mlio kama kuni kavu, akauma meno, akafika chini. Akainua uso. Nilisimama kando yake nikiwa nimemshika kiwiko, nikisikia watu wakizungumza nje na pumzi yake ikitulia kidogokidogo. Akakaa hivyo mpaka nikaanza kuliogopa lile goti.

"Katekista," nilisema, "nikuinue sasa?"

"Subiri kwanza," akasema. "Bado tunatazamana."